Mkao wa yoga una kazi gani kwa mama mwenye mgongo uliochoka?



Tangu tulipoongea juu ya maumivu ya mgongo katika mkutano wetu, maswali juu ya yoga hayajaisha. Wengine wameona video katika telefone za watoto wao: msichana mwembamba amesimama kwa kichwa kando ya maji, miguu iko juu kama mlingoti wa bendera. Wengine wameambiwa na kine wa kituo cha afya, yule anayetengeneza viungo, wafanye mazoezi "kama ya yoga". Wengine tena wamesikia kwenye maombi kwamba yoga ni mlango wa mapepo. Na swali linalorudi kila mara ni lilelile: kupinda mwili namna ile kunasaidia nini? Ni jimnastiki? Ni sala? Ni dawa?

Nimesoma, nimeuliza, na kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha, nitaeleza kama ninavyoeleza darasani. Nitaanza na neno lenyewe, maana neno hili linafungua mambo mengi.

Katika Kisanskriti, lugha ya zamani ya India, kila umbo la mwili katika yoga linaitwa asana. Neno hilo limetoka katika kitenzi cha kukaa. Maana yake ya kwanza ni kiti, ao namna ya kukaa. Sisi wenye Kiswahili tuna bahati hapa, kwa sababu lugha yetu imepita njia ileile: katika kukaa tumetoa mkao, kikao na makao. Kwa hiyo sitasema "pozi" kama wapiga picha. Nitasema mkao. Na mtu akishika kwamba asana ni mkao, amekwisha kuelewa kwa nini wazee wa yoga wangeshangaa kuona zile video.

Kitabu cha yoga kinachoheshimiwa kupita vingine ni Yoga Sutra, ambacho husemwa ni cha Patanjali. Ni maneno mafupi mafupi, karibu 196, na wataalamu wengi wa leo wanasema yalikusanywa katika karne za kwanza baada ya Kristo. Patanjali anagawanya njia ya yoga katika sehemu 8. Mbili za kwanza ni za mwenendo: kutoumiza wengine, kutosema uongo, kutoiba, usafi, kuridhika na ulicho nacho. Ya tatu ni mkao. Ya nne ni pumzi. Zinazobaki ni za ndani: kurudisha macho na masikio kutoka makelele ya dunia, kutuliza akili mahali pamoja, kutafakari, na mwisho utulivu kamili.

Sasa sikieni hesabu. Katika maneno yale 196, yanayosema juu ya mkao ni 3 tu. Tatu! Wala hayataji mkao hata mmoja kwa jina. Yanasema kwa kifupi kwamba mkao uwe imara na uwe wa raha, kwamba mtu anaufikia kwa kulegeza nguvu, si kwa kujikaza, na kwamba akiufikia, baridi na joto na mambo mengine yanayopingana hayamsumbui tena. Basi. Hakuna kusimama kwa kichwa, hakuna mguu nyuma ya shingo.

Kwa mwalimu jambo hili ni wazi kabisa. Nina watoto zaidi ya 50 katika darasa, na benchi iliyotengenezwa kwa watoto watatu inakaliwa na watano. Mtoto aliyebanwa ukutani hasomi. Si mjinga, na si mkorofi. Ni mwili wake unaomwita kila dakika: mguu umekufa ganzi, bega linauma, tako liko nje ya benchi. Ukimpatia nafasi ya kukaa vizuri, sikio lake linafunguka. Ndivyo mkao ulivyokuwa kwa wale wazee: mwili uwekwe mahali ambapo hautasumbua, kusudi pumzi na akili vifanye kazi yao. Mkao ulikuwa benchi. Haukuwa somo lenyewe.

Je, ile mikao mingi ilitoka wapi basi? Ilikuja polepole. Katika karne ya 15 mtu aliyeitwa Svatmarama aliandika Hatha Yoga Pradipika, na yeye aliweka mkao mwanzo kabisa, kwa sababu, anavyoeleza, unaleta uimara, afya na wepesi wa viungo. Alieleza mikao 15, na mingi kati yake bado ni ya kukaa chini. Kitabu kingine cha baadaye, Gheranda Samhita, kinaeleza 32. Kisha rukeni mpaka mwaka 1966: B.K.S. Iyengar anatoa kitabu Light on Yoga chenye mikao 200, na picha zake mwenyewe. Kutoka mistari mitatu mpaka mikao 200! Kitu kilichokuwa benchi kimekuwa nyumba nzima.

Kati ya karne ya 15 na mwaka 1966 kuna habari moja ambayo kila mama angepaswa kuijua kabla ya kuiga video yoyote. Katika miaka ya 1930, katika mji wa Mysore, kusini mwa India, mfalme wa pale alimpa mwalimu Krishnamacharya chumba cha kufundishia katika jumba lake. Wanafunzi walikuwa hasa wavulana. Kwa vijana wale, wenye damu ya kuchemka na magoti mapya, mwalimu alitengeneza mazoezi ya nguvu, mkao juu ya mkao, kuruka nyuma, kuruka mbele, kusimama kwa mikono. Wakati ule jimnastiki na mazoezi ya viungo yalikuwa yakipendwa sana India, shuleni na jeshini, na wachunguzi wa historia wanaona alama yake katika yoga hiyo. Mwanafunzi wake mmoja, Pattabhi Jois, aliendeleza njia hiyo ya kuruka, nayo ikaenea Ulaya na Marekani.

Kwa hiyo mengi ya yale munayoona katika telefone ni masomo yaliyopimwa kwa mwili wa mvulana wa miaka 14 ao 15. Hayakupimwa kwa mwili uliozaa mara sita. Mama akishindwa kuyafanya asijidharau.

Mwanafunzi mwingine wa Mysore alikuwa huyohuyo Iyengar, shemeji ya mwalimu. Alizaliwa mwaka 1918, wakati wa ile homa kubwa iliyoua watu duniani pote, na utoto wake ulikuwa wa magonjwa: malaria, tifoidi, kifua kikuu. Alikuwa mwembamba na dhaifu, na mwalimu hakumtegemea. Nafikiri ni juu ya udhaifu huo kwamba njia yake baadaye ikawa ya kufaa kwa wagonjwa na wazee. Alipokwenda kufundisha katika mji wa Pune, alianza kutumia vitu vya kusaidia: mkanda kwa yule ambaye mkono haufiki mguuni, kipande cha mbao chini ya kiganja kwa yule ambaye hafiki chini, blanketi chini ya goti, kiti, kamba ya ukutani. Wazo lake lilikuwa rahisi: mwili usipofika kwenye mkao, mkao usogezwe kwenye mwili.

Na wanawake? Mwanzoni hatukuwa na nafasi. Mwanamke mmoja aliyezaliwa Riga mwaka 1899, aliyejulikana baadaye kwa jina la Indra Devi, aliomba kusoma kwa Krishnamacharya na akakataliwa. Alikubaliwa tu baada ya jumba la mfalme kumwombea. Ndiye aliyefungua shule ya yoga Hollywood baada ya vita kuu ya pili, akaishi zaidi ya miaka 100. Lakini kwa wamama ninampenda zaidi Geeta Iyengar, binti ya yule mgonjwa wa Bellur. Naye aliugua figo akiwa mtoto. Alifundisha maisha yake yote mpaka alipokufa mwaka 2018, na aliandika kitabu kizima juu ya yoga ya wanawake: mikao ya siku za mwezi, ya mimba, ya baada ya kuzaa, ya wakati damu inapokoma. Aliposema kwamba siku za mwezi mwanamke asigeuze miguu juu, apumzike na mikao ya kulala, alikuwa anatoa mwili wa mwanamke katika kanuni iliyopimwa kwa mvulana.

Tuje sasa kwetu.

Mgongo wa mama wa huku tunaujua. Asubuhi bido ya lita 20, mtoto amefungwa kwa kikwembe, kisha jembe, kisha kuinama juu ya beseni ya nguo, kisha kuinama juu ya mbabula. Wale wenye kubeba mizigo sokoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, shingo yao ndiyo inayovuta kilo zote. Kazi hizi zote zinapinda mwili upande mmoja tu: mbele na chini. Ni mara chache katika siku ambapo mama anafungua kifua, ananyoosha nyonga, ao anageuka polepole kulia na kushoto bila mzigo.

Katikati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna vitakia laini, kama sponji. Kwa mtu mzima vitakia hivyo karibu havina mishipa ya damu ya kuvilisha ndani. Vinapata maji na chakula kutoka pembeni, na mwendo ndio unaosaidia kuvisukumia: kubanwa na kuachiliwa, kubanwa na kuachiliwa, kama sponji ya kuoshea vyombo. Mgongo uliobanwa siku nzima bila kuachiliwa unakauka. Hapa ndipo mkao wa polepole unapofanya kazi yake ya kwanza: unaupitisha mgongo katika njia ambazo kazi zetu haziupitishi.

Kazi ya pili inapita kwenye pumzi. Msuli ulio na hofu unajikaza ili kulinda mahali panapouma. Ukiuvuta kwa haraka, unakaza zaidi. Ukikaa katika mkao mpole na kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, moyo unapunguza mwendo, na mwili unaanza kuamini kwamba hakuna hatari. Msuli unaachia kidogo. Ndiyo maana mwalimu mzuri wa yoga anaangalia pumzi yako kuliko anavyoangalia mguu wako umefika wapi. Pumzi ikikatika, ao ukijikuta umeuma meno, umepita mpaka. Rudi nyuma kidogo. Hicho ndicho kipimo, na hakihitaji mashine.

Je, kuna ushahidi, ao ni maneno mazuri tu? Upo, lakini ni wa kiasi. Mwaka 2017 kundi la wachunguzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima majaribio ya waganga wa dunia, walitoa hesabu ya majaribio 12 juu ya yoga na maumivu ya mgongo ya muda mrefu, kwa watu 1,080 wa India, Uingereza na Marekani. Walikuta kwamba waliofanya yoga walipata nafuu ndogo ao ya katikati katika kuinama, kutembea na kufanya kazi, baada ya miezi 3 na miezi 6, wakilinganishwa na wale ambao hawakufanya zoezi lolote. Maumivu yenyewe yalipungua, lakini kidogo. Yoga ilipolinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, hawakuona tofauti kubwa. Na baadhi ya waliofanya yoga, mgongo wao ulizidi kuuma. Mwaka huohuo chama cha waganga wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliweka yoga katika orodha ya mambo ya kujaribu kwa mgongo unaouma muda mrefu, kabla ya kukimbilia vidonge.

Ninawapa habari hizi zote, nzuri na zisizo nzuri, kwa sababu wauzaji hawawapi. Katika mtaa mmoja alipita mtu mwenye karatasi za rangi, akilipisha wamama dola, akiwaahidi kwamba kusimama kwa kichwa kunaponya tansio, kunafungua tumbo la asiyezaa, na kunaondoa sukari katika damu. Mama mmoja mwenye tansio, ambaye ananunua vidonge vyake kwa shida, aliacha kuvimeza. Siku ya tatu alipandisha miguu ukutani, kichwa chini, kizunguzungu kikamshika, akaangukia shingo. Alivaa kola ya shingo majuma kadhaa, na wakati huo ni binti yake wa darasa la sita aliyebaki nyumbani kupika na kuosha badala ya kuja shuleni. Ndipo nilipojua habari hii: nilimtafuta mtoto aliyekosa masomo.

Kusimama kwa kichwa na kusimama kwa mabega ni mikao inayoweka uzito kwenye shingo. Shingo ya mama aliyebeba kichwani miaka 20 imekwisha kupokea mzigo wake. Mwenye tansio, mwenye ugonjwa wa macho wa presha, mwenye mimba, mwenye shingo inayouma, asiiguse mikao hiyo. Na mimi naongeza kwa mawazo yangu mwenyewe: hata asiye na ugonjwa hana sababu ya kuitafuta bila mwalimu aliyefundishwa kusimama pembeni yake. Haina faida kwenu ambayo mikao ya chini haiwezi kuleta.

Mambo mengine ya kuangalia: mwenye mimba kubwa asilale chali muda mrefu, asijipinde tumbo kwa nguvu, asilalie tumbo. Aliyezaa juzi, ao aliyepasuliwa, asubiri mpaka munganga aseme ndiyo. Mwenye kizazi kinachoshuka ao mkojo unaotoka bila kupenda asifanye mikao ya kukaza tumbo kwa nguvu. Aende kuonana na watu wa materniti kwanza, na asione haya, kuna matibabu. Na kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya mkeka hata kidogo: yale yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi ao mguu kulegea, yale yanayokuja na homa ao kukonda, yale yanayokuja na mkojo kuziba. Hayo ni ya hospitali, siku ileile.

Nimefika kwa swali la dini, na najua wengine wamelirukia moja kwa moja. Sitawadanganya kwamba yoga haina dini nyuma yake. Ilizaliwa India, katikati ya watu waliokuwa wakimtafuta Mungu kwa njia yao, na vitabu nilivyotaja vinasema hivyo waziwazi. Mwenye kuwaambia kwamba ni jimnastiki tu tangu mwanzo hajavisoma. Lakini pia kupiga magoti hakukuanzia katika kanisa langu, wala kuinama hakukuanzia msikitini. Binadamu wote wana magoti na mgongo mmoja. Kinachofanya kupiga magoti kuwa sala ni moyo na maneno yanayokwenda pamoja nako. Mama anayepiga magoti kuwasha mbabula hasali.

Kwa Wakatoliki, kuna barua iliyotoka Roma mwaka 1989, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, yule aliyekuwa baadaye Papa Benedikto wa 16, inayosema hasa juu ya njia za sala kutoka Asia na inataja yoga. Haisemi kwamba mkao wa mwili ni dhambi. Inakubali kwamba mwili una nafasi yake katika sala. Inaonya juu ya jambo lingine: mtu asichukue ile raha na utulivu vinavyokuja kwa mazoezi ya mwili akadhani ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Naona ni onyo la busara, hata kwa asiye Mkatoliki. Kwa upande wa Waislamu, baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga mwaka 2008 kwa ajili ya maneno ya ibada yanayosemwa ndani yake, na siku chache baadaye waziri mkuu wa nchi ile akaeleza kwamba mazoezi ya mwili peke yake, bila yale maneno, yanaweza kuendelea. Munaona kwamba pande zote mbili wametenga kitu na kitu. Mwenye dhamiri inayomkataza, asifanye. Kuna kutembea, kuna mazoezi ya kine, na majaribio yale yalionyesha kwamba mgongo haujali sana jina. Mwenye kufanya, afanye bila kuimba maneno asiyoyajua.

Hata hivyo, yule anayefanya bila dini asikose kile ambacho Patanjali aliweka mbele ya mkao: kutoumiza. Na mwili wako pia umo katika wale usiopaswa kuumiza.

Sasa mkekani. Ninaweka mikao michache tu, ile ambayo kine aliyetutembelea aliikubali kwa wengi wetu, na inayofanyika bila kununua kitu. Vaeni suruali ao kaptula chini ya kikwembe, mlango ufungwe, na wanaume wa nyumba watafute kazi nyingine.

Ule wa paka: piga magoti, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, kama mtu anayesugua sakafu. Ukitoa pumzi, inua mgongo juu kama paka aliyekasirika, kichwa kikining'inia. Ukivuta pumzi, legeza mgongo ushuke, kifua kifunguke mbele. Polepole, mara 8 ao 10. Kifundo cha mkono kikiuma, shuka juu ya viwiko. Huu ndio ninaouona kuwa wa kwanza kwa mama, kwa sababu hauna mzigo wowote juu ya uti wa mgongo na kila mfupa unapata zamu yake.

Kutoka hapo, rudisha matako juu ya visigino, paji la uso lishuke chini, mikono mbele ao pembeni. Ni mkao wa mtoto, na kweli ndivyo watoto wetu wanavyolala, matako juu. Magoti yakikataa, weka blanketi iliyokunjwa kati ya matako na visigino. Paji lisipofika chini, liweke juu ya ngumi mbili zilizopandana. Kaa pumzi 10. Mwenye mimba apanue magoti ili tumbo lipate nafasi.

Kwa miguu iliyovimba jioni: lala chali karibu na ukuta, pandisha miguu miwili juu, visigino vimeegemea ukuta, matako yako chini kabisa. Hapa shingo haibebi kitu, ni tofauti na kusimama kwa mabega. Dakika 5. Mwenye mimba kubwa auache, na mwenye tansio isiyotulia aulize kwanza. Kwa nyuma ya mapaja: bado umelala chali, goti moja limekunjwa, pitisha kitambaa cha kikwembe chini ya unyayo wa mguu mwingine na unyooshe juu ukishika ncha mbili za kitambaa. Hicho ndicho kile kile kinachouzwa kwa jina la mkanda wa yoga.

Na kusimama. Mnaweza kucheka, lakini kusimama tu ni mkao, unaitwa mlima. Miguu sambamba, uzito sawa kushoto na kulia, magoti yasikazwe nyuma, mabega yashuke mbali na masikio, kisogo kirefu. Wengi wetu tunasimama juu ya mguu mmoja kwa sababu ya mtoto aliyekaa kwenye nyonga upande uleule miaka yote. Jaribuni mkiwa mnangoja maji kwenye bomba.

Dakika 15, mara tatu kwa juma, zinatosha kuanza. Katika majaribio yale nafuu ilionekana baada ya miezi; mwenye kuahidi juma moja anauza.

Mkao wa mwisho unaitwa wa maiti, na jina linatisha, lakini ni mmoja wa ile 15 ya karne ya 15, na Svatmarama aliuandika kuwa dawa ya uchovu. Unalala chali, mikono imefunguka pembeni, viganja juu, macho yamefungwa, kitu laini chini ya magoti kama mgongo wa chini unavuta. Mwenye mimba analala ubavu wa kushoto na nguo kati ya magoti. Halafu hufanyi kitu. Dakika 5 bila kufanya kitu. Tulipoujaribu siku ya posho iliyopita, watu 11 katika chumba cha mikutano, mikao mingine yote ilikwenda vizuri na huu ndio ulioshindikana. Mmoja alikumbuka sombe iliyo motoni. Mwingine alisikia mtoto akilia nje, na hakuwa hata wake. Wa tatu aliniambia kwamba tangu aolewe hajawahi kulala chini mchana bila kuwa mgonjwa, na mwili wake ulikuwa unangoja kuitwa.

Kwa hiyo siku ya posho inayokuja tutagawana: watano watakaa nje na watoto wote na vyungu vyote, sita watalala, kisha tutabadilishana. Saa tisa, baada ya likelemba. Kila mmoja alete mkeka ao blanketi, na kikwembe kimoja cha zamani.